Nyumba Inayovuta Gari

3 Februari

Mwanangu Msumari,

Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Na huyo mdogo ameshaanza kutembea, au bado anaburuta makalio sakafuni kama ulivyokuwa ukifanya wewe mpaka kila kaptula niliyokushonea ikatoboka mahali pamoja? Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo tumeshazoeana. Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu nasikia nyundo za karakana tu, na mambo haya yana vipimo, nataka uyaweke mezani uyaangalie.

Habari yenyewe ni kwamba jengo letu limeuzwa. Mwuza viatu ameshahama, kinyozi anahama wiki hii, nami nimepewa mpaka mwisho wa Juni niwe nimetoa cherehani zangu. Baba yako alipopata habari alinipigia siku hiyo hiyo. "Dada, njoo ukae kwetu, chumba cha nyuma kipo." Nilimshukuru, kaka ni kaka. Lakini chumba chenyewe si nakijua! Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nitakaa humo nikisubiri kuitwa kula, halafu niulizwe kama nimemeza dawa. Mwanangu, mimi sijafika huko. Mikono yangu bado inashona suruali nzima kabla chai haijapoa.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimenunua nyumba yenye magurudumu! Ni gari dogo la kubebea mizigo ambalo mwenyewe wa kwanza aliligeuza nyumba. Nyuma kuna kitanda, ubavuni jiko la plati mbili, sinki ukubwa wa bakuli, na meza inayokunjwa. Nimepima kwa futi mara tatu: cherehani ya umeme inaingia, ile ya chuma inaingia, na majora ya vitambaa yanalala chini ya kitanda kama watoto. Nimezungumza na walimu wakuu wa shule tisa zilizo kando ya barabara kuu. Nitaegesha uwanjani, niwapime wanafunzi, nishone sare pale pale, nihamie shule inayofuata. Tisa, Msumari! Nikiwaza hivyo usingizi unaruka.

Kuna jambo moja tu. Nikishaegesha na kutandaza vitu, siwezi kufungasha nyumba nzima kila nikiishiwa vifungo. Nahitaji kale kagari kangu kekundu. Kwa hiyo nataka nyumba ikavute nyuma. Watu huku kila mmoja ana lake: huyu anasema inawezekana, yule anasema nitajiua. Wewe ndiye fundi breki. Inavuta au haivuti? Nijibu haraka, maana nisipopata njia ya kwenda na vyote viwili, shule zote tisa zinaota mbawa na chumba cha nyuma kinaningoja.

Shangazi yako akupendaye


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mdogo ametembea hatua nne, akakaa, akajipigia makofi mwenyewe. Mama yake anafundisha asubuhi na kusahihisha madaftari mchana, tunaonana kwenye sufuria. Baba yuko salama, anakusalimu, na anasema jambo ambalo sitaliandika hapa kwa sababu atakwambia mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Nyumba ya magurudumu! Niliwasomea mafundi wenzangu, wakaacha kazi. Mmoja anauliza kama unaajiri.

Swali lako. Shangazi, kila mtu huuliza kama gari litavuta. Kuvuta litavuta. Ukikanyaga mafuta, hata gari bovu linaburuta kitu. Mimi nauliza kama litasimama. Ukiwa mteremkoni na kilo elfu moja ziko mgongoni kwako, hizo kilo hazijui kwamba umeona mbuzi barabarani. Zinaendelea na safari yao. Nimewahi kuletewa hapa gari lililosukumwa na mzigo wake wenyewe. Nililifungua, nikaliona, na sitaki kuandika zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua mlango wa dereva, utaona kibati kimepigiliwa pembeni. Kina namba mbili ninazozitaka: uzito wa mwisho wa gari lenyewe likiwa limejaa, na uzito wa mwisho wa gari pamoja na linalovutwa. Kisha tafuta mizani, siyo ya kukadiria, ya kweli, ya kupimia malori. Pima nyumba ikiwa na vyote utakavyosafiri navyo. Vyote, Shangazi, pamoja na aliye ndani. Kagari kekundu nako ukapime peke yake. Unikumbushe pia kama ni ka gia za mkono, maana za kujibadili zenyewe zikivutwa magurudumu yakiwa chini giaboksi inaungua.

Na usivute kitu chochote mpaka nikujibu. Hata kujaribu uwanjani.

Msumari wako


11 Machi

Mwanangu mwenye wasiwasi,

Salamu nyingi kwa mkeo, na mdogo mpigie makofi kwa niaba yangu, hatua nne si mchezo. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa najifunza kurudi nyuma. Usicheke. Nyumba ile ina makalio marefu, ukikata kona nyuma inafagia kila kitu. Nimeshagonga pipa la taka mara mbili, pipa lile lile, nadhani sasa linanijua. Lakini jana nilirudi nyuma mpaka ndani ya geti bila kugusa kitu, nikapiga honi kwa furaha mpaka jirani akatoka na ufagio.

Kagari ni ka gia za mkono. Hapo tumepona.

Mizani nimeipata kwenye ghala la nafaka. Wapakizi walitoka wote kutazama nyumba ikipimwa kama gunia. Kibati kinasema nyumba yenyewe mwisho kilo elfu tatu na mia tano. Ilipopimwa ikiwa na cherehani zote mbili, majora, pasi, vyombo na watu wawili, ilifika elfu tatu mia tatu na themanini. Imepita! Kagari ni mia tisa na hamsini. Sasa kibati kinasema vyote pamoja visizidi elfu nne mia mbili na hamsini, na sisi ukijumlisha tumezidi kilo themanini.

Themanini tu, Msumari. Katika elfu nne na kitu! Mwanzoni moyo ulinipasuka, kisha nikacheka. Miaka yote hii nashona, sijawahi kukata nguo bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Mteja akinenepa nafumua, namwachia vidole viwili, anaondoka anapumua. Hakuna fundi mwenye akili anayekata palepale kwenye mstari. Hao waliotengeneza gari nao ni mafundi, wameacha ziada yao humo ndani, wakaandika namba ndogo ili watu wasizoee. Kwa hiyo naona jambo limekwisha. Nimeshaagiza chuma cha kuvutia. Fundi wa hapa atakifunga wiki ijayo.

Nina furaha mpaka nashona pindo upande upande.

Shangazi, mwenye nyumba


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Nakuomba, nakupigia magoti hapa kwenye grisi, mwambie huyo fundi asifunge kitu.

Hakuna ziada. Nimesoma mstari wako wa vidole viwili nikatoka nje kuvuta pumzi. Nguo ikibana, mshono unafumuka, mtu anaona aibu, anakwenda kubadilisha. Breki haifumuki hivyo. Inashika vizuri chini ya mlima, inashika vizuri katikati, inapata moto, halafu unakanyaga na mguu unazama mpaka sakafuni, na hapo hakuna cha kubadilisha. Ile namba ya kwenye kibati ndiyo mkasi wenyewe. Wamekata palepale kwenye mstari, Shangazi. Mafundi wengine hukata palepale.

Tena hujamaliza kupima. Hukuandika maji. Tangi likijaa hilo ni zito kukushinda wewe. Hukuandika mtungi wa gesi, wala chuma chenyewe cha kuvutia. Umezidi zaidi ya unavyodhani.

Lakini sijasema haiwezekani. Nilikaa na kalamu jioni mbili. Tangi liende tupu, maji utayapata shuleni. Majora usibebe yote, watumie walimu wakuu kwa lori la vifurushi yakungoje huko. Na kagari kekundu nikafungie breki yake yenyewe inayobana nyumba ikipunguza mwendo, ili kasikusukume. Hiyo kazi nitaifanya mimi kwa mikono yangu, siyo fundi mwingine. Ukikubali hayo, na mizani ikakubali, mimi nitakupungia mkono barabarani na kulala usingizi.

Swali moja. Umeandika kwamba walipimwa watu wawili. Wa pili ni nani?

Msumari

Dada, ni mimi kaka yako, nimeikuta hii mezani kabla haijafungwa. Acha hayo mambo. Chumba nimeshakipaka rangi. Umri wetu si wa kulala barabarani. Njoo nyumbani.


2 Mei

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Najua nimenyamaza. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, siyo kwako, unajua kwa nani. Kupaka chumba rangi bila kuniuliza hata naipenda rangi gani! Wiki ya pili hasira ilikuwa kwako, kwa ajili ya ule mkasi, kwa kuwa ulisema kweli. Nilikwenda nikakata kitambaa palepale kwenye mstari, nikashona, nikavuta kidogo. Kikaachia chote mkononi. Basi, nimeelewa. Chuma hakijafungwa.

Baada ya hapo nikafanya kazi. Majora yameondoka kwa lori, nimebakiza matatu. Nimetoa viti vya kukunja, sanduku la vitabu vya mitindo, sufuria kubwa, na kioo kirefu cha wateja. Kioo kile kiliniuma, lakini watajitazama kwenye dirisha. Tangi ni tupu, nikiligonga linalia kama ngoma. Shule zinapiga simu. Mwalimu mkuu mmoja ameniuliza kama naweza kuwashonea na kwaya. Nikamwambia hata mlinzi wa geti nitamshonea!

Nakuja huko tarehe ishirini na tatu nikiwa na kila kitu. Utafunga chuma na breki, tutakwenda kwenye mizani yenu, tutapima, na baba yako awepo aone mwenyewe. Na nasema mbele yako, ukamwambie: mizani ikisema imezidi hata kilo moja, naegesha kwenu, naingia chumba cha nyuma bila neno, na rangi nitaisifia. Mizani ikikubali, naye asiseme neno.

Kagari kekundu kataendeshwa nyuma yangu na msaidizi mpaka nifike kwako.

Shangazi


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hapa nyumba nzima inahesabu siku. Mdogo sasa anakimbia, anaanguka, anakimbia tena. Nimeshapata vipande vyote vya breki, viko chini ya meza yangu na hakuna anayeruhusiwa kuvigusa. Mizani nimeiomba, mwenye zamu ni rafiki yangu. Baba nimempa masharti yako. Akasema "sawa." Halafu akaenda kununua pazia la chumba. Nakuambia tu ujue.

Mimi natamani uwe sawa na mizani, Shangazi. Naogopa na natamani kwa pamoja, na sijui kwa nini natokwa jasho kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Ila jambo moja halikai kichwani mwangu. Huyo msaidizi ana leseni. Anaweza kuendesha kagari kutoka huko mpaka kwangu. Basi si aendeshe na safari nzima? Wewe mbele na nyumba, yeye nyuma na kagari, hakuna kuvuta, hakuna kibati, hakuna mizani, na baba hana hoja. Nimewaza na kuwaza, naona ni rahisi mno. Kuna nini ambacho hujaniambia?

Msumari


9 Juni

Mwanangu Msumari,

Nakuandikia nikiwa nimeegesha uwanja wa shule ya pili. Watoto wako darasani, wanaimba jedwali la kuzidisha kwa saba, na huku dirishani kuna mwalimu wa hesabu anayechungulia suruali yake. Shule ya kwanza imekwisha, sare mia na kumi na sita, hakuna hata moja iliyorudishwa! Mkeo hajambo? Mdogo mwambie ile kofia aliyonitupia dirishani ninayo.

Ile barua yako ya Mei sikuijibu, na wewe kwa adabu yako hukuuliza tena nilipokuja. Ulimwona Mzee Polepole akishuka kwenye kagari kekundu, ukampa mkono, ukamwita "baba," ukarudi chini ya gari na spana zako. Baba yako ndiye aliyemkodolea macho. Basi nakujibu sasa.

Mzee Polepole aliendesha basi la shule maisha yake yote. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuwahi kuzidisha mwendo hata siku moja. Alikuja kwangu kupunguza suruali baada ya kustaafu. Akaja tena kupunguza ile ile. Mara ya tatu nikamwambia, baba, nikipunguza tena hii itakuwa kaptula. Akasema yeye hana haja ya suruali, ana haja ya kuzungumza. Ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma, na pipa lile alilishika yeye nisiligonge mara ya tatu.

Pale kwenye mizani ulikuwa nje na rafiki yako, mkitazama namba zikipanda. Hukusikia kilichotokea ndani, tulikokaa mimi na Mzee. Rafiki yako alipopaza sauti, "Imezidi hamsini na tano!", niligeukia dirishani. Nilimwona kaka kupitia kioo. Naapa hakufurahi, alitazama chini tu. Nami nilikuwa nimeshaweka neno langu.

Mzee Polepole akafungua mkanda wa kiti. Kisha akasema, taratibu kama anavyosema yote, "Mimi nina kilo hamsini na tisa. Nikishuka, inatosha." Na akafungua mlango. Akasema atanifuata kwa basi, shule hadi shule, atakuwa anafika jioni. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje.

Nikamwambia, funga mlango. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, wewe funga tu mlango. Hapo ndipo mliponisikia nikipiga kelele mje mniteremshie cherehani ya chuma. Ulishangaa, nilikuona. Baba yako alishangaa zaidi, maana ndiye aliyenisaidia kuibeba siku nilipoinunua, sote vijana. Cherehani ile imenilisha, imelipia msiba wa mume wangu, imekushonea wewe kaptula zote. Niliipenda kuliko baadhi ya ndugu. Lakini ilikuwa na uzito wa kutosha kabisa, na tulipopima tena mizani ikakubali. Nikamwambia kaka, iweke kwenye chumba cha nyuma, hiyo haitaulizwa kama imemeza dawa. Akacheka, Msumari! Akaibeba yeye na Mzee Polepole, mmoja huku na mmoja huku, na walipotoka ndani walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu magurudumu.

Uliniuliza kwa nini Mzee asiendeshe kagari nyuma yangu. Angeweza. Alijitolea mwenyewe, tangu Februari. Mimi ndiye niliyekataa, na sikutaka kumwandikia mtu yeyote sababu yake, maana niliona haya kwa umri wangu. Nimekaa na nafsi yangu miaka kumi na minane. Nikishona nguo nzuri naizungumzia na ile sanamu ya kupimia. Sasa mtu amepatikana, halafu nimwangalie kwenye kioo cha pembeni, mdogo kama kifungo, nyuma yangu siku nzima? Sikutaka. Nilitaka akae kiti cha pili.

Jumamosi tuliushuka ule mlima wako uliokuwa unauogopa. Nilitia gia ndogo kama ulivyonielekeza. Niliogopa, sikufichi. Kwenye kona ya tatu kulikuwa na lori limesimama katikati ya njia, nikakanyaga. Nikasikia nyuma kagari kekundu kanajishika kenyewe, tik, kwa mikono yako. Hakakusukuma hata chembe. Tukasimama mbali na lori, mbali kabisa, nyumba na gari na sisi wawili.

Nikageuka, nikamwambia, "Umeona?"

Akasema, "Nimeona."

Shangazi yako